Kabla Sijanunua Rezini

Kapsoya, Eldoret
Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Huku mvua inanyesha karibu kila alasiri, na nyanya yako anauliza kama huko Nairobi unakula vizuri. Mpigie simu, atafurahi kuisikia sauti yako.

Ujumbe wako kuhusu sanamu nimeusoma. Nimefurahi sana kwamba shule imekupa wewe kazi ya msichana anayekimbia, mwenye kimo cha mtu, wa kusimama langoni. Umeniomba ninunue kilo 20 za rezini na roli ya mkeka wa faiba, ili ukifika Agosti tuanze mara moja na tumalize kabla hujarudi chuoni. Rezini hiyo sitainunua bado, na ndiyo maana nimeketi kukuandikia badala ya kukupigia simu. Nataka maneno haya uyasome polepole, zaidi ya mara moja, kabla hujapanda matatu kuja huku.

Nimefanya kazi ya faiba kwa muda mrefu, kuanzia bampa za matatu na matangi hadi wanyama wa kupamba bustani za hoteli. Vijana wanaokuja kujifunza hapa kwenye banda langu wote huipenda siku ile ile moja: siku ya kukoroga rezini. Kuna harufu kali, kuna haraka, na jioni kuna kitu kigumu ambacho asubuhi hakikuwepo. Lakini siku hiyo haiamui chochote kuhusu sanamu. Faiba hunakili tu. Ukiacha alama ya kidole chako kwenye udongo, plasta itaichukua na faiba itaichukua kutoka kwa plasta. Ukiacha goti lisilo goti, nalo litachukuliwa kwa uaminifu ule ule, kisha litasimama langoni miaka ishirini.

Unakumbuka Agosti 2024, siku zile Eldoret ilipokuwa ikijiandaa kupokea hati ya jiji kutoka kwa Rais Ruto tarehe 15. Kuliwekwa sanamu za wanariadha hapa mjini. Watu wakazipiga picha, picha zikaenea mtandaoni, wakazicheka nchi nzima, na zikaondolewa. Mimi sikucheka, na sitaki wewe ucheke, kwa sababu ninajua uchungu wa kuona kazi ya mikono ikibebwa kurudishwa ilikotoka. Lakini nilijifunza kitu, au tuseme nilithibitishiwa kitu nilichokishuku: watu wa hapa huwezi kuwadanganya kuhusu mwili wa mkimbiaji. Huu ni mji wa Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1500 kule Mexico mwaka 1968 na mita 3000 kuruka viunzi na maji kule Munich mwaka 1972. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, hufanyia mazoezi yake Kaptagat, si mbali na hapa. Alfajiri nikifungua lango langu, wasichana wanapita barabarani kwa makundi, na mama anayeuza maziwa kwenye kona anajua nani amechoka na nani anaficha jeraha, kwa kuangalia tu mguu unavyotua. Hao ndio watakaoihukumu sanamu yako.

Kwa hiyo nakuomba muda wako wote wa kwanza uupe udongo.

Anza barabarani, hata kabla ya kugusa udongo. Ukifika, nenda uwanjani, uombe ruhusa kwa kocha na kwa wasichana wenyewe, kisha ukae uchore. Mkimbiaji wa mbio za kati hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Kisigino kikigusa chini, ni kwa kufumba na kufumbua. Mkono wa kushoto huja mbele pamoja na mguu wa kulia. Nyonga haziko sawasawa kama rafu ya duka: ule upande wa mguu ulio hewani hushuka kidogo, na mabega hujibu kwa kugeuka upande wa pili. Ngumi hazikazwi. Ukikosa nyonga, hakuna uso mzuri utakaoiokoa kazi hiyo. Tazama pia mbio za Faith Kipyegon za Olimpiki, zile tatu za mita 1500 alizoshinda mfululizo, Rio 2016, Tokyo 2021 na Paris 2024. Zitazame bila sauti na usimamishe picha kila baada ya hatua. Lakini sura yake usiichukue. Shule imekuomba msichana ambaye kila mwanafunzi anaweza kujiona ndani yake. Ukimpa uso wa bingwa, watu watapima mfanano tu na kusahau mbio.

Kiunzi cha ndani nitakuchomelea mimi: nondo kwa uti na miguu, waya wa kuku kwa kiwiliwili, vipande vya mbao vilivyofungwa kwa waya ili udongo usiteleze. Udongo wa mfinyanzi ninao wa kutosha, nimeuloweka tangu Machi. Kila jioni utaufunika kwa gunia bichi na turubai juu yake. Hapo usihesabu siku. Siku mama wa maziwa atakapopita, asimame, na asiseme chochote kuhusu magoti, nitajua tunaweza kuzungumza kuhusu moldi, yaani kalibu ya plasta.

Moldi ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, na watu wengi huiharakisha. Kwa sanamu moja tu kama yako, tutatumia plasta ya kuvunjwa. Kwanza utaizunguka sanamu ukitafuta mahali pa kuigawanya. Kanuni ni moja: kila kipande cha moldi lazima kiweze kutoka bila kunaswa. Kwapa hunasa, sikio hunasa, na nafasi kati ya vidole hunasa. Mimi ningeikata mikono yote miwili kwenye bega na kuitolea moldi yake, kisha kiwiliwili na miguu tuvigawe mbele na nyuma. Kwenye mstari wa mgawanyo utachomeka vipande vyembamba vya bati la mkebe wa soda, kimoja kikilalia kingine, vikiwa vimesimama kama ukuta mdogo mwilini mwote.

Plasta hunyunyizwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya plasta. Nyunyiza mpaka visiwa vidogo vibaki juu vikikataa kuzama, subiri dakika moja au mbili, ndipo ukoroge kwa mkono taratibu bila kuingiza hewa. Koti la kwanza litiwe buluu kidogo, ile ya kufulia nguo nyeupe. Lirushe kwa vidole, jembamba, liingie kila kona. Koti la pili na yanayofuata yawe meupe, mazito, yenye katani ndani na vipande vya mbao nyuma vya kuyashikilia. Ile buluu ni onyo: siku utakapokuwa ukiivunja plasta kwa patasi na nyundo, ukiona rangi hiyo ujue umebakiza milimita chache kufika kwenye ngozi ya sanamu, upunguze nguvu. Mafundi wa zamani wa Ulaya walifanya hivyo karne nyingi, na sijaona njia bora zaidi.

Plasta ikishika, tutaifungua, tutatoa udongo wote, tutaosha, kisha tutangoja. Hapa ndipo Kapsoya inapotutesa. Tuko karibu mita 2100 juu ya usawa wa bahari, kituo cha hali ya hewa kiko hapa hapa mtaani kwetu, na Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi na mvua nyingi. Usiku joto hushuka hadi karibu digrii 10. Plasta nene huenda ikachukua wiki mbili au zaidi kukauka. Rezini ikikutana na unyevu haigandi sawasawa: inabaki inanata, inatoa weupe, na ngozi ya sanamu inabaki na plasta. Hatutakausha kwa moto. Tutaiweka chini ya mabati ambako jua la mchana huingia, tuigeuze kila siku. Ndiyo maana nakuambia mapema kwamba likizo yako ya Agosti huenda isitoshe, na uiambie shule hivyo kuanzia sasa, kabla hawajachapisha kadi za mwaliko. Ukilazimika kurudi chuoni plasta ikiwa bado mbichi, itakungoja hapa hadi Desemba. Desemba ni kavu, na faiba itakushukuru.

Ikikauka, tutaipaka vanishi ya shelaki mara mbili au tatu kuziba vinyweleo vya plasta, kisha nta, tukisugua kila koti kwa kitambaa laini, kisha ile dawa ya PVA inayoacha utando mwembamba kama ngozi ya maziwa. Usiruke hata moja.

Sasa rezini. Nimekupigia hesabu. Mwili wa msichana wako na nguo zake una eneo la mita za mraba 2 hivi. Tabaka tatu za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba ni kilo 2.7 za mkeka. Mkeka hunywa rezini mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 7 hivi. Ongeza jelikoti, yaani rezini ya ngozi ya nje, ya unene wa nusu milimita, kilo 1 na zaidi kidogo, na cha kumwagika. Kilo 10 za rezini zinatosha. Zile 20 ulizoniomba zingekaa hapa zikizeeka, maana rezini ikipitisha miezi sita inaanza kuganda yenyewe ndani ya mkebe.

Dawa ya kugandisha huwekwa kati ya gramu 10 na 20 kwa kila kilo ya rezini, kwa kupima kwenye mizani ndogo, siyo kwa kukisia na kifuniko cha chupa. Watu wa huku baridi ikiwauma huongeza dawa. Ukizidisha, rezini huchemka, hupasuka na hubaki dhaifu. Dawa ya baridi ni saa: tutaanza saa nne asubuhi na kufunga kazi kabla ya saa tisa, joto likiwa juu ya digrii 15 na mvua haijafika. Koroga kilo moja tu kwa wakati mmoja. Una dakika 15 hadi 25 hivi kabla haijaanza kuwa kama uji mzito, na ikifika hapo iache. Usijaribu kuipaka. Mabaki yaende nje kwenye mchanga, kwa sababu rezini iliyorundikana kwenye mkebe hujipasha moto yenyewe hadi itoe moshi.

Jelikoti ndiyo ngozi ya sanamu, ndiyo hupakwa kwanza. Ipake kwa brashi laini, kila mahali unene mmoja. Ikiwa nyembamba, rezini inayofuata huila na ngozi hujikunja, na hilo hutaligundua hadi plasta ivunjwe. Iguse kwa kidole: ikinata lakini isiache rangi kidoleni, ni wakati wa mkeka. Chana mkeka kwa mkono, usiukate kwa makasi, ili nyuzi za ukingo ziungane na kipande kinachofuata bila kuacha mstari. Lowesha, bandika, gongagonga kwa ncha ya brashi hadi weupe uishe na mkeka uwe wazi kama kioo chenye maji. Palipobaki weupe pana hewa, na penye hewa jua litapatafuta. Vidoleni na masikioni, ambako mkeka hauingii, utajaza kwanza rezini iliyochanganywa na unga wa talki na nyuzi zilizokatwakatwa.

Nusu mbili zikiwa tayari, tutazikutanisha na kuzifunga kwa kamba na vibanio, kisha utaingiza mkono kutoka chini ya nguo na kuunganisha mshono kwa ndani na vipande vya mkeka vyenye upana wa kiganja. Kwenye miguu mkono hauingii. Huko tutaupaka ukingo uji wa rezini na nyuzi kabla ya kufunga. Ndani ya mguu unaokanyaga litapita bomba la chuma, kutoka kwenye nyonga hadi chini ya wayo na kuendelea hadi kwenye msingi. Msichana wako anasimama kwa sehemu ya mbele ya wayo mmoja. Ni mwepesi: shaba ya unene huo huo ingekuwa na uzito mara 6 hivi. Wepesi huo ni raha siku ya kumbeba, lakini upepo wa langoni utamtikisa mchana na usiku, na kifundo kimoja cha mguu ndicho kitakacholipa.

Nakuja kwenye jambo ambalo nisingelala nikiliacha.

Ile dawa ya kugandisha ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Miwani ya kazi utaivaa tangu chupa inapofunguliwa. Ikiruka jichoni, maji safi yatiririke dakika 15 bila kukatiza, kisha tunaenda Hospitali ya Rufaa ya Moi bila kujadiliana. Kama rezini tutakayopata haijatiwa kichapuzi cha kobalti dukani, kazi ya kuchanganya ni yangu, kwa sababu kobalti na dawa ya kugandisha zikikutana zenyewe bila rezini kati yao hulipuka. Mvuke wa rezini unawaka. Najua baridi ya asubuhi hapa, na najua mtu anavyotamani kusogeza jiko la makaa bandani kupasha mikono. Jiko halitaingia, hata likiwa na majivu tu.

Na kifua chako. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Unahitaji ile yenye vichujio vya makaa pande mbili. Hiyo ndiyo nitakayokununulia kwanza, leo hii, kabla ya kitu kingine chochote. Niki de Saint Phalle, msanii wa Ufaransa na Marekani aliyetengeneza wanawake wakubwa wa rangi kali kwa poliesta, aliharibikiwa mapafu, na mwenyewe aliona chanzo ni mvuke na vumbi la kazi yake; alifariki mwaka 2002. Luis Jiménez wa Marekani alikulia katika karakana ya baba yake ya kutengeneza mabango kule El Paso, akawa bingwa wa sanamu za faiba. Juni 2006 kipande cha farasi mkubwa aliyekuwa akimtengeneza kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Denver kilimwangukia mguuni ndani ya karakana yake, mshipa ukakatika, akafa. Farasi huyo wa bluu, mwenye urefu wa karibu mita 10, bado amesimama pale. Nakutajia hao kwa sababu walikuwa mafundi wakubwa kuliko mimi, na ustadi haukuwakinga. Hata kipande chepesi hakitainuliwa bandani kwangu bila kufungwa kamba. Vumbi la kusugua tutalizuia kwa msasa wa maji, na nguo zako za kazi hutazifua pamoja na za watoto wa nyumba.

Baada ya kuvunja plasta kuna kusugua mshono, msasa namba 120 hadi 400, na rangi. Juu ya rangi nitakuachia uamuzi, ila maoni yangu nayatoa wazi: usimpake dhahabu ya kung'aa. Jua la huku juu ni kali, dhahabu ya bei nafuu huwa kahawia chafu ndani ya mwaka, na mng'ao huua misuli yote uliyohangaika nayo kwenye udongo. Rangi moja iliyotulia, karibu na udongo mwekundu wa barabara ya mazoezi, na makoti mawili ya vanishi ya magari ya kuzuia jua. Toboa kitundu chini ya wayo maji ya umande yatoke.

Gregory Maloba, mchongaji Mkenya kutoka upande huu wetu wa magharibi, aliisimamisha ile sanamu ya mama wa Uhuru kule Kampala mwaka 1962 kwa zege. Sanamu ya Dedan Kimathi ya Nairobi, iliyozinduliwa 2007, ni ya shaba. Watu hudhani faiba ni duni kuliko hizo kwa kuwa ni kitu cha bampa. Nimechoka kulisikia hilo. Duni ni kazi iliyofanywa kwa haraka, iwe ya zege au shaba. Wewe una macho ya kuchora ambayo mimi sikujaliwa, na kwa faiba, ambayo bei yake shule inaweza kuimudu, watoto wa lango lile wanaweza kupata mkimbiaji aliyetengenezwa vizuri kama wa mji wowote duniani.

Nijibu mambo mawili wiki hii. Mguu unaokanyaga ni wa kushoto au wa kulia, na ni sentimita ngapi kutoka kwenye wayo hadi gotini, ili nikanunue bomba na kulipinda kabla hujafika. Pili, muulize mwalimu mkuu msingi wa zege utamwagwa lini. Bolti nne lazima zizikwe zege likiwa bichi, na mpango wa matundu yake nitaukata mimi kwenye bati niwapelekee.

Nyanya yako anakuombea. Safiri salama.

Mjomba wako